Kompyuta Moja, Vichwa Vitatu: Namna ya Kujifunza na Kubuni kwa Pamoja Jijini Eldoret

Kompyuta, jinsi ilivyoundwa, humpendelea mtu mmoja: ina kibodi moja, kipanya kimoja na skrini yenye upana unaomtosha aliyeketi mbele yake, na yeyote anayesimama nyuma ya kiti hugeuka mtazamaji. Kwa sababu hiyo, shule, maktaba na vikundi vya vijana vinavyonunua kompyuta kwa matumaini kwamba ushirikiano na ubunifu vitakuja vyenyewe huishia mara nyingi kuwa na chumba kilichojaa watu ambao kila mmoja yuko peke yake. Makala haya yanawalenga walimu, wakutubi, viongozi wa vikundi na wazazi wa Eldoret na viunga vyake, na hoja inayotetewa ni kwamba kompyuta huwa chombo cha kujifunza pamoja pale tu kazi inapopangwa kwa namna ambayo haiwezi kukamilika bila watu kuzungumza.

Ushahidi wa hoja hiyo hauhitaji kutafutwa mbali. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kilichoko kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet, Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani kilianza kutumia mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta badala ya madaftari makubwa ya kuandikwa kwa mkono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 na Joseph Rotich na wenzake yalionyesha kwamba muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22 na muda ambao mhudumu aliutumia kwa kila mgonjwa ulipungua kwa asilimia 58, jambo ambalo kwa kituo chenye foleni ndefu lilikuwa la kushukuriwa. Hata hivyo, uchunguzi huohuo uligundua jambo la pili ambalo halitajwi mara kwa mara, nalo ni kwamba muda ambao wafanyakazi waliutumia kuzungumza wao kwa wao ulipungua kwa theluthi mbili. Mashine iliharakisha kazi na papo hapo ikapunguza mazungumzo. Mwalimu anayeingiza kompyuta darasani bila kubadilisha mpangilio wa kazi hana budi kutarajia jambo kama hilo.

Kilichofuata katika eneo hilohilo kinaonyesha upande wa pili. Mfumo wa Mosoriot ulijengwa juu ya hifadhidata ndogo, yaani programu inayopanga taarifa katika majedwali ya safu na mistari, na idadi ya wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi waliohudumiwa na AMPATH, mpango wa matibabu uliotokana na ushirikiano wa vyuo hivyo viwili, ilipoongezeka kwa kasi, majedwali hayo yalielemewa. Mwaka 2004 madaktari wawili wenye ujuzi wa kompyuta kutoka Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret kusaidia kukuza mfumo uliokuwapo, wakaamua kuubuni upya. Ubunifu wao wa msingi ulikuwa ni kamusi ya dhana. Katika mfumo wa kawaida kila swali analoulizwa mgonjwa lina safu yake katika jedwali, kwa hiyo daktari akitaka kuongeza swali jipya ni lazima amtafute mtaalamu wa programu alivunje jedwali na kulijenga tena. Katika mfumo mpya kila swali na kila jibu liliingizwa kama neno katika kamusi, na wahudumu wa afya wenyewe waliweza kuongeza maneno bila kugusa msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Kamusi hiyo iliwalazimisha tabibu, karani na mtayarishaji programu kukaa meza moja na kukubaliana maana ya kila neno. Mfumo huo, uliopewa jina la OpenMRS, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, msimbo wake ukawekwa wazi ili watu wa nchi nyingine wautumie na kuurekebisha, na leo rekodi za wagonjwa katika nchi nyingi za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, zimejengwa juu yake.

Ushauri wa kwanza unatokana moja kwa moja na historia hiyo: kikundi kianze na tatizo la mahali pake, kisha ndipo kitafute programu. Ni kawaida kwa mafunzo ya kompyuta kuanza na orodha ya programu za kujua, wiki mbili za kuchapa barua, wiki mbili za majedwali, wiki mbili za maonyesho, na mwishoni mwanafunzi anapata cheti lakini hana kitu chochote alichokitengeneza ambacho mtu mwingine anakihitaji. Kazi inayofaa kwa kujifunza pamoja ina sifa zinazoweza kupimwa kabla ya kuanza: ina mpokeaji anayejulikana, hakuna mwanakikundi hata mmoja anayeijua yote, na inagawanyika katika sehemu ambazo baadaye lazima zishikamane. Eldoret ina kazi za aina hiyo tele. Jiji hili, lililopewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, lilijulikana zamani kama 64, kutokana na nambari ya shamba lililokuwa mahali hapo enzi za walowezi, na wenyeji wangali wanaliita Sisibo. Wanafunzi wanaweza kuwahoji wazee kuhusu majina ya mitaa kama Langas, Huruma na Kapsoya, wakayaandika maelezo hayo, wakayalinganisha pale wazee wanapotofautiana, na kuyachapisha katika Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ipo tangu mwaka 2003 na bado ina upungufu mkubwa wa makala kuhusu miji ya Bonde la Ufa, mradi wayaambatanishe na maandishi yaliyochapishwa, kwa kuwa kamusi elezo hiyo haikubali madai yasiyo na chanzo.

Kazi nyingine inayofaa sana ni ramani. OpenStreetMap ni ramani ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha, na mfano wake bora katika Afrika Mashariki ni mradi wa Ramani Huria wa Dar es Salaam, ambapo kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa kata husika, walichora mitaa inayokumbwa na mafuriko ili mitaro, njia na nyumba zionekane. Kikundi cha Eldoret kinachoamua kuchora vijia, visima, zahanati na vivuko vya mto Sosiani kitajikuta kimegawanyika chenyewe: wapo watakaotembea na karatasi za ramani mkononi, wapo watakaoingiza alama kwenye kompyuta, na wapo watakaokagua, na mtembeaji na mchoraji hawawezi kumaliza kazi bila kuulizana kama kijia kilichochorwa kinapitika wakati wa masika.

Kabla ya kugusa kibodi, kikundi kitenge muda wa kutengeneza kamusi yake ndogo. Ushauri huu unaweza kuonekana wa kupoteza wakati, lakini katika mji ambamo mwanafunzi mmoja anasema kompyuta na mwingine tarakilishi kama kitabu chake kinavyoandika, mmoja anasema kishikwambi na mwingine tableti, ugomvi mwingi wa vikundi huwa ni ugomvi wa maneno usiotambuliwa. Ukurasa mmoja unatosha. Waandike maneno ya vifaa, maneno ya somo lenyewe, na hasa maneno yanayoonekana wazi lakini sivyo: kwa mradi wa ramani, kwa mfano, wakubaliane barabara ni nini na kijia ni nini, na kama kibanda cha mboga kinachofungwa jioni ni duka. Maana hizo zikiandikwa, mwanakikundi mpya anayejiunga mwezi wa pili ataweza kuchangia bila kuharibu kazi ya waliomtangulia.

Suala la kuketi linastahili uangalifu kuliko linavyopewa. Kompyuta moja ikitumiwa na watu watano, wawili watakuwa nje ya kazi; ikitumiwa na watatu, kila mmoja anaweza kupewa jukumu. Watayarishaji programu wana desturi ya kufanya kazi wawiliwawili, ambapo mmoja huandika na mwingine husoma kila mstari na kufikiria hatua inayofuata, na uhusiano huo unafanana na wa dereva na utingo wa lori: dereva ameshika usukani, utingo anaangalia asichokiona dereva, na kila mmoja humtegemea mwenzake lori linaporudi nyuma. Mtu wa tatu awe mwandishi wa kumbukumbu, mwenye daftari la kawaida la karatasi, ambaye huandika kilichoamuliwa na sababu yake. Kila baada ya dakika 15 majukumu yabadilishwe, na kanuni ambayo mwalimu asiilegeze ni kwamba utingo haruhusiwi kunyakua kipanya. Akitaka jambo lifanyike ni lazima aliseme kwa maneno mpaka dereva alielewe, na katika kulisema huko ndimo mafunzo yalimo. Kanuni hiyo pia huwalinda wasichana, ambao katika vyumba vingi vya kompyuta hujikuta wameachiwa kazi ya kuandika kumbukumbu muda wote huku wavulana wakishika mashine.

Jinsi mazungumzo hayo yanavyozaa maarifa huonekana vizuri katika Scratch, programu ya kujifunzia uandishi wa msimbo iliyotolewa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika chuo cha MIT nchini Marekani, inayopatikana bure, kwa Kiswahili pia, na inayoweza kuwekwa kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Badala ya kuchapa maagizo, mtoto huunganisha vipande vya amri vyenye rangi, na kila kinachotendeka huonekana kwenye jukwaa lenye upana wa vipimo 480 na kimo cha 360, ambapo sifuri iko katikati. Ichukuliwe kwamba watoto watatu wanatunga hadithi ya samaki anayevuka mto Sosiani. Dereva anamweka samaki ukingo wa kushoto, na kwa kuwa katikati ni sifuri, ukingo huo ni hasi 240. Mtoto ambaye bado hajafundishwa namba hasi amezikuta hapo, tena akiwa na haja nazo. Anaunganisha amri ya kusogea hatua 10 ndani ya amri ya kurudia mara 10, kama vipande hivyo vinavyokuja, na samaki anasimama kwenye hasi 140, hajafika hata katikati. Utingo anadai idadi ya marudio iongezwe, mwandishi anadai hatua ziwe ndefu zaidi, na dereva anataka kujaribu 20, kisha 30. Iwapo mwalimu atajizuia kutoa jibu, kikundi kitafikia mahali pa kuuliza umbali mzima ni kiasi gani, kitagundua kwamba kutoka hasi 240 hadi 240 ni 480, na kwamba hatua 10 zinahitaji kurudiwa mara 48. Kisha watagundua kuwa hatua 20 zikirudiwa mara 24 zinamfikisha samaki kulekule lakini kwa kasi nyingine, na mjadala utahamia kwenye hadithi: je, samaki huyu ana haraka, au anaogopa? Hesabu na fasihi zimekutana kwenye swali moja, na hakuna aliyewaambia watoto kwamba wanajifunza vyote viwili.

Scratch ina kipengele kingine ambacho kikundi kisikose kukitumia, nacho ni ruhusa ya kuchukua mradi wa mtu mwingine uliochapishwa, kuubadilisha na kuuchapisha upya huku jina la mtungaji wa kwanza likibaki limeambatanishwa moja kwa moja. Katika shule ambamo kunakili kumezoeleka kuwa kosa la kuadhibiwa, ni muhimu mwalimu aeleze tofauti iliyopo kati ya kuiba kazi na kuijenga zaidi kazi ya mtu aliyeruhusu na anayetajwa. OpenMRS yenyewe ilienea kwa njia hiyo.

Kwa wanafunzi wakubwa na vikundi vya waandishi, kifaa chenye nguvu kuliko vyote ni historia ya matoleo, yaani kumbukumbu inayohifadhiwa na programu kuhusu nani alibadilisha nini na lini. Wikipedia huiweka wazi katika kila makala, pamoja na ukurasa wa majadiliano ambapo wahariri hueleza sababu zao. Programu za uandishi wa pamoja mtandaoni zina kitu hichohicho, na LibreOffice, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti, inaweza kuonyesha mabadiliko ya kila mwandishi kwa rangi yake. Kikundi kinachotunga mchezo wa kuigiza kwa ajili ya tamasha la drama, kwa mfano, kikubaliane mapema kwamba hakuna anayefuta sentensi ya mwenzake bila kuacha maelezo mafupi pembeni. Bila kanuni hiyo, mwenye sauti kubwa au mwenye bando ndiye huandika upya usiku, na asubuhi wenzake hukuta kazi isiyo yao.

Kuhusu bando na stima, ukweli ni kwamba kazi nyingi zilizotajwa hapa hazihitaji intaneti ya kila saa. Mpango wa kitaifa wa elimu ya dijitali ulioanza kugawa vishikwambi mwaka 2016, ambao Chuo Kikuu cha Moi na kampuni ya Kireno ya JP Sá Couto walikuwa miongoni mwa wasambazaji wake, ulikusudia kila shule ya msingi ya umma ipate, mbali na vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi viwili vya walimu, projekta, na kompyuta ya kuhifadhi maudhui yenye kifaa cha kuyasambaza kwa mawimbi ndani ya shule. Pale ambapo vifaa hivyo bado vinafanya kazi, mwalimu anaweza kutumia kipakatalishi kimoja kuweka Kolibri, programu ya bure ya masomo inayotumika bila intaneti na yenye Kiswahili miongoni mwa lugha zake, au Kiwix, inayobeba nakala nzima ya Wikipedia, na vishikwambi vyote vikasoma kutoka hapo. Pale ambapo havipo, flashi moja inatosha, mradi jina la faili liwe na tarehe na jina la mtu wa mwisho aliyelishika, nakala mbili zihifadhiwe mahali tofauti, na mtu mmoja tu aruhusiwe kuliandika kwa wakati mmoja. Stima ikipotea, daftari la mwandishi wa kumbukumbu ndilo litakaloendeleza kikao.

Zipo pia kazi ndogo za kuanzia ambazo haziogopeshi. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla unakusanya sauti za watu wakisoma sentensi kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, ili kompyuta zifunzwe kuelewa usemi, na kila rekodi hukaguliwa na wasikilizaji wengine kabla ya kukubaliwa. Kiswahili cha Eldoret, kinachosemwa na Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu na wengine kila mmoja kwa lafudhi yake, kinastahili kusikika humo, na kikundi cha wazazi wasiojua kuchapa kinaweza kuchangia saa moja ya kwanza bila kufundishwa chochote zaidi ya kubonyeza na kusoma.

Wanaochapisha kazi za pamoja wakumbuke kuwa zina wenyewe. Kikundi kiamue mapema majina yataandikwa kwa mpangilio gani na kazi itatolewa kwa leseni ipi, leseni ikiwa ni tamko la mtungaji linaloeleza wengine wanaruhusiwa kufanya nini na kazi yake. Leseni za Creative Commons zinafaa kwa maandishi, picha na muziki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, kwa hiyo picha za wanafunzi, majina yao kamili na jina la shule yao visichapishwe pamoja, na mzee aliyehojiwa aulizwe kama anakubali sauti yake isikike hadharani.

Upimaji wa kazi hizi ndipo nia njema nyingi hukwama. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, unataja mawasiliano na ushirikiano, ubunifu, na ujuzi wa dijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, lakini mwalimu akitoa alama moja kwa kikundi kizima, mmoja atafanya kazi na wengine wataandika majina tu. Njia ya haki ni kupima vitu viwili kwa pamoja: kazi iliyokamilika, na kumbukumbu ya namna ilivyofanyika, yaani historia ya matoleo na daftari la mwandishi, kisha kumwita kila mwanafunzi aeleze sehemu ambayo hakuiandika yeye. Mwanafunzi anayeweza kueleza sehemu ya mwenzake ameshiriki. Kipimo hichohicho kinafaa kwa programu za akili unde, ambazo sasa zinaweza kuandika insha au msimbo kwa sekunde chache: zitumike baada ya kikundi kuwa na rasimu yake, ziulizwe maswali kama anavyoulizwa mgeni, na jibu lolote ambalo hakuna mwanakikundi anayeweza kulieleza kwa maneno yake liondolewe.

Kwa anayetaka kuanza, kinachohitajika ni Jumamosi moja asubuhi, kompyuta moja, watu watatu, daftari moja na swali moja la mtaani ambalo jibu lake halijaandikwa popote. Wale watakaovutwa na uandishi wa msimbo watakuta kwamba msimbo wa OpenMRS, mfumo uliozaliwa kutokana na foleni za Mosoriot na kliniki za Eldoret, uko wazi hadi leo, na kwamba mwanafunzi wa Langas au wa Kesses anaweza kuupakua bila malipo, kuusoma, na kutuma marekebisho yake yakaguliwe na wenzake wa nchi nyingine.